Mchango wa Mgonjwa Tangu Enzi za Beni

Aliyepata kwenda Muhimbili kumtazama mgonjwa huenda alielekezwa jengo la Sewahaji, akapanda ngazi na chupa yake ya uji mkononi, asijiulize huyo Sewahaji alikuwa nani. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyewapatia bidhaa na wapagazi wasafiri wa kwenda bara. Kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa fedha ili Dar es Salaam ipate hospitali ya Waafrika na Wahindi. Wazungu walijengewa yao kando ya bahari, Ocean Road, ikakamilika mwaka huohuo wa 1897. Hospitali mpya ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 1956, wakati huo ikiitwa Princess Margaret, jina la mzee yule lilihamia huko, na hata leo lipo.

Tukitaja kumchangia mgonjwa, wengi wetu humfikiria kwanza mtu wa namna hiyo: tajiri mwenye huruma. Lakini kuli wa bandarini, dobi, mpishi na askari wa mji uleule walikuwa na njia yao wenyewe, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa imesahauliwa na kwa kuwa tunaihitaji.

Nilipokuwa nikisoma historia Mlimani tulisomeshwa kitabu cha Terence Ranger juu ya ngoma ya beni, kilichochapishwa mwaka 1975. Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaingia Tanga na Dar es Salaam. Wachezaji waliiga bendi za kijeshi: tarumbeta, magwanda, gwaride, na vyeo vya kingi na jenerali. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na upinzani wao haukuwa mdogo kuliko wa Simba na Yanga. Vita ya 1914 hadi 1918 iliwachukua askari na wapagazi ikawatawanya nchi nzima, nao wakaipeleka beni bara. Waliotazama kwa nje waliona watu wanaojionyesha, na wakoloni waliingiwa na wasiwasi kwamba gwaride la mchezo huenda likawa gwaride la kweli.

Kilichokuwa hakionekani ni kwamba ngoma ile ilikuwa pia chama cha kusaidiana. Mwanachama alitoa fedha, na akiugua ugenini wenzake walimtunza, akifa, walimzika. Mtu aliyeshuka katika mji asio na ndugu aliwatafuta wenzake wa chama, nao walimpokea. Hapana budi tukumbuke mji wa siku zile ulivyokuwa. Watu walitoka mbali, Unyamwezi, Umanyema, Uyao, wakakaa vyumba vya kupanga, na ukoo ambao kijijini ungemlisha mgonjwa na kumwogesha ulikuwa umebaki nyuma, mwendo wa wiki kadhaa kwa miguu. Chama kilishika mahali pa ukoo.

Watumishi wa serikali nao hawakukaa bure. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga, Waislamu kwa Wakristo. Baadaye vilienea vyama vya watu wa kabila moja au wilaya moja waishio mjini, ambavyo kazi yao kubwa ilikuwa maradhi na mazishi. Sitavisifu kupita kiasi, maana vingine vilikufa kwa sababu ileile inayoviua vyama hadi leo, yaani daftari la mweka hazina.

Jambo ninalotaka wanafunzi walio shuleni sasa walitazame kwa makini ni hili: watu wale walikuwa wanachangia nini hasa? Si kupona. Kabla ya streptomaisini kugunduliwa mwaka 1943 hapakuwa na dawa ya kuponya kifua kikuu. Aliyetema damu alijua, na wenzake walijua. Hata hivyo walitoa senti zao, akanunuliwa maziwa, akakaliwa usiku, akalipiwa chumba, au akasafirishwa akafie kwao. Hakuna aliyesema kwamba fedha zimepotea kwa sababu mgonjwa amekufa.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali binafsi za kutafuta faida. Wazazi wetu walichangia nauli na chakula cha mgonjwa. Bili ya hospitali hawakuijua. Kisha hali ya uchumi ikawa mbaya. Hospitali binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 ulianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Sisi watumishi wa serikali tulianza kukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Bima ya Afya mwaka 2001, na mwajiri akiongeza 3 nyingine. Wasio na ajira ya kudumu walibaki na daftari la jirani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023 tu.

Hapo katikati ilikuja simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na kuchangishana kukawa kazi ya dakika mbili. Nadhani ndipo mchango wa mgonjwa ulipobadilika sura. Ulikuwa ni wa watu wanaomwona mgonjwa kila siku, ukawa wa watu waliotawanyika Mwanza, Mtwara na Muscat, ambao hawawezi kumpelekea uji lakini wanaweza kutuma fedha. Si jambo baya. Lakini aliye mbali hutaka kusikia habari moja tu: amepelekwa wapi, na amepona? Basi mchango ukawa ni nauli ya kwenda India. (Wa harusi haujabadilika. Kamati ya harusi ingali inakusanya mamilioni kwa ajili ya ukumbi wa jioni moja, na hakuna anayeuliza kama ndoa imepona.)

Sasa nifike kwetu. Wengi mnajua kwamba mmoja wetu tuliomaliza kidato cha sita mwaka 1999 ana saratani ya koo la chakula. Sitamtaja jina. Waliokuwa katika timu ya mpira wanamjua. Tulipopata habari tulikusanya shilingi 6,140,000 kwa wiki tatu, na fedha zile zilikuwa za safari. Kisha madaktari walimweleza yeye na mkewe kwamba ugonjwa umekwisha fika kwenye ini, na upasuaji popote duniani hautamfaa. Yeye mwenyewe akaomba fedha zifanye mambo mengine: ada ya mtoto wake wa kidato cha tatu, mabati ya vyumba viwili, na mtu wa kukaa naye mkewe anapokwenda kazini.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baadhi walisema tulichangia matibabu, na mabati si matibabu. Wengine walisema kuacha safari ni kumkatia tamaa rafiki. Mmoja alidai arudishiwe fedha zake, na zikarudishwa siku hiyohiyo.

Niliwaambia wenzangu wakati ule, na ninaandika tena hapa, kwamba hoja ya mgonjwa ni ya zamani kuliko yetu. Hata wataalamu wa tiba wamerudi huko. Mwaka 1948 huko London alikufa kwa saratani mkimbizi kutoka Poland, David Tasma, ambaye hakuwa na jamaa. Cicely Saunders, aliyekuwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, alikuwa akienda kuongea naye kitandani. Tasma alimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo siku moja angewajengea wagonjwa wasioweza kupona. Mama yule alisomea udaktari kwa ajili hiyo, na nyumba, St Christopher's, ikafunguliwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio letu. Aliyekuwa anakufa ndiye aliyechanga. Kutoka hapo kazi hiyo ilifika Nairobi mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Kwetu tunaiita tiba shufaa, na Ocean Road, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani, huitoa. Mofini ya maji hunywewa nyumbani kwa kipimo, na mtu ambaye jana alikuwa analia kwa maumivu leo anauliza matokeo ya mpira. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba tumeacha kumtibu hawasemi kweli. Anatibiwa maumivu, na anatibiwa hofu ya ada, ambayo kwa baba wa watoto ni maumivu makubwa.

Tulipiga kura, waliokubaliana naye walikuwa 31 na waliopinga 12. Ada imelipwa hadi mwisho wa kidato cha nne na mabati yamepigwa. Zimebaki shilingi 1,870,000, na mweka hazina ataleta daftari kwenye mkutano wa Desemba ili kila mmoja alisome kwa macho yake. Fedha zaidi hazihitajiki kwa sasa. Kinachohitajika ni watu. Zamu ya kukaa naye ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, na siku za Jumanne na Alhamisi bado hazina mtu. Wanaoishi Dar es Salaam na Kibaha wamwone katibu. Atakayekwenda asibebe matunda, kwa kuwa hawezi kuyameza. Abebe magazeti ya michezo, na awe tayari kubishana, maana yeye ni Simba na wengi wanaokwenda ni Yanga.