Shirika na Ushirika: Umoja wa Kiroho wa Wakristo wa Afrika Mashariki

Maneno shirika na ushirika yametoka katika shina moja la Kiarabu, shina ambalo pia limezaa neno shirki, yaani dhambi ya kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kiumbe. Katika Kiswahili cha Wakristo maneno haya mawili yamegawana kazi. Shirika ni chombo chenye katiba, viongozi, mali na mipaka. Ushirika ni hali ya watu kuwa na jambo moja kati yao. Ndiyo maana ibada ya Meza ya Bwana iliitwa Ushirika Mtakatifu. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba katika karne ya 20 umoja wa waumini wa Afrika Mashariki ulikua zaidi kwa njia ya ushirika kuliko kwa mapatano ya mashirika, na kwamba ushirika nao ulikuwa na kuta zake.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika misheni ya Kanisa la Scotland mahali paitwapo Thogoto, jina ambalo lenyewe ni matamshi ya Kigikuyu ya neno Scot. Walikuwapo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Mwenyekiti alikuwa Askofu J. J. Willis wa Uganda. Kusudi lao lilikuwa kuunda shirikisho la misheni ili Mwafrika aliyebatizwa na misheni moja asihesabiwe kuwa mgeni katika nyingine. Msingi uliopendekezwa ulikuwa Biblia, Imani ya Mitume na ile ya Nikea, na sakramenti mbili. Mwishoni Askofu W. G. Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri kwa kufuata Kitabu cha Sala cha Waanglikana, na watu wasio Waanglikana wakapokea.

Ibada hiyo moja ilizusha ugomvi mkubwa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar na kiongozi wa misheni ya UMCA, aliwashtaki maaskofu hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akidai kuwa wameingia katika uzushi. Si haki kumwona Weston kuwa mtu wa chuki tu. Kwake uaskofu haukuwa cheo cha shirika. Ulikuwa kiungo chenyewe cha Kanisa na Mitume, na umoja uliopuuza kiungo hicho ulikuwa wa maneno matupu. Shauri lilipelekwa mbele ya halmashauri ya maaskofu, na jibu la Davidson la mwaka 1915 halikuwatia hatiani washtakiwa, ila lilishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Wenye mzaha huko Uingereza walisema imeamuliwa kwamba jambo lile lilimpendeza Mungu sana, lakini lisifanywe tena kamwe. Walipokutana tena Kikuyu mwaka 1918, naye Weston akiwapo, kilichopatikana kilikuwa Muungano wa Misheni za Kiprotestanti tu, usiogusa Meza ya Bwana. Tunda lake mashuhuri ni Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926.

Kile kilichoshindikana mezani kilitendeka kwa sehemu katika kitabu. Zanzibar ilikuwa na Biblia ya Kiunguja iliyochapishwa mwaka 1891, iliyojengwa juu ya kazi ya Edward Steere wa UMCA. Mombasa ilikuwa na Biblia ya Kimvita ya mwaka 1914. Na Walutheri wa Tanganyika walikuwa na tafsiri ya Karl Roehl ya mwaka 1937, iliyokusudia kupunguza maneno ya Kiarabu. Biblia ya Union ya mwaka 1952 iliwapa Waprotestanti wa pande zote kitabu kimoja, kwa Kiswahili kilichosimama juu ya Kiunguja. Hivyo lahaja iliyotumiwa na misheni ya Weston ndiyo iliyosomwa na wajukuu wa wale aliowashtaki. Lakini umoja huo ulikuwa na gharama: Kimvita, lahaja ya ushairi mkuu, kilipoteza nafasi yake madhabahuni. Nao Wakatoliki waliendelea kuandika Yezu Kristu penye Yesu Kristo ya Waprotestanti, hata herufi zikatangaza dhehebu la msomaji. Tafsiri ya pamoja ya Waprotestanti na Wakatoliki, Habari Njema, ilikamilika katika miaka ya 1990.

Wakati huohuo ushirika wa namna nyingine ulikuwa umekwisha kuenea bila halmashauri yoyote. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, tabibu Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala na kusoma Biblia pamoja. Kutokana na mkutano wao na mambo ya Gahini likazuka vuguvugu la Uamsho, lililofika Kabete mwaka 1937. Waliolifuata waliitwa Balokole kwa Kiganda, Ahonoki kwa Kigikuyu, Jomowar kwa Kijaluo: majina yote yana maana ya waliookoka. Hawakuhama makanisa yao. Jumapili kila mmoja alikwenda kwa Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti au Walutheri wake. Siku nyingine walikutana katika ushirika, wakaungama dhambi mbele ya wenzao na kuimba “Tukutendereza Yesu” kwa Kiganda hata pasipokuwa na Mganda. Neno lililofungiwa mezani mwaka 1915 sasa lilitumika nyumbani na chini ya miti, na aliyeuliza dhehebu la ndugu alionekana ameuliza jambo dogo.

Ushirika huu ulijaribiwa vikali baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952. Ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakauawa. Wengine walikataa pia kushika silaha za serikali. Kwa waliopigania ardhi huu ulionekana kuwa usaliti, na lawama hiyo haiwezi kufutwa kwa kuitwa ujinga.

Wala Uamsho haukukosa kubomoa. Huko Nyanza ulizaa makundi mawili, Joremo, watu wa damu, na Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 Johera wakajitenga na Waanglikana na kuunda Church of Christ in Africa. Wakatoliki na makanisa huru ya Kiafrika, kwa kawaida, walibaki nje ya duara la ndugu.

Katika miaka ya 1960 Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Walutheri na Wamoravian walijadili muungano kamili, wasifaulu. Waliokaa katika mikutano hiyo walikuwa wamerithi kitabu kimoja, na wengi walifahamiana kwa jina la ndugu. Hata hivyo, walipofikia swali la uaskofu, walijikuta mbele ya mlango uleule aliousimamia Weston. Ushirika uliwafikisha hapo. Ufunguo ulibaki mikononi mwa mashirika.