Kompyuta ya Ubaoni

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, ila kwa kibali maalumu. Vijana wakiambiwa hivyo leo hucheka, lakini sisi tuliokuwapo hatukuona ajabu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kompyuta iliyotumiwa kwa hesabu za Serikali pale Wizara ya Fedha ilikuwa imeleta mkanganyiko, hata kazi ikarudi kwa makarani na madaftari yao. Basi miaka ambayo Waingereza walikuwa wakiweka sebuleni ZX Spectrum na Commodore 64, zote za 1982, na BBC Micro ya 1981 ikienea katika shule zao, sisi tulihangaikia chaki na mafuta ya taa.

Mwaka 1986 nilikuwa makamu mkuu wa chuo cha ualimu. Mkufunzi kijana wa hisabati aliniletea barua niitie saini, tuombe kibali cha kupokea BBC Micro moja, kuukuu, aliyoahidiwa na rafiki yake wa Uingereza. Wakati huo masharti yalikwisha anza kulegea. Sikuuliza hata. Nilimwambia, "Mwalimu, chuo hakina chaki, wewe unataka kompyuta?" Barua ile ilibaki katika mtoto wa meza yangu mpaka nilipohamishwa.

Hakulalamika. Alikuwa na kitabu cha BASIC, lugha ya kuiamuru kompyuta iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia. Akawa anaandika programu ubaoni. Mwanachuo mmoja alisimama badala ya herufi A, mwingine B, kila mmoja ameshika karatasi yenye namba. Wa tatu alisoma mistari, wa 10, wa 20, wa 30, na wenzake wakafuta na kuandika namba kama walivyoamriwa. Nilipita dirishani nikadhani wanafanya mchezo wa kuigiza.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja Mzenga na kompyuta yake ya mpakato, nikamsimulia kisa hicho. "Mbona mashine hiyo ipo, Babu," akasema. Akafungua kivinjari, na BBC Micro ikatokea, na kilobaiti zake 32 za kumbukumbu. Si picha tu, msomaji. Ndani ya ukurasa kuna programu inayojifanya kuwa ile mashine, ikitekeleza amri za kichakato chake cha 6502 moja baada ya nyingine. Hata mlio wa kuwashwa unausikia. Tangu 2013 Internet Archive nayo imekuwa ikiweka mashine za kale za namna hiyo. Nilikesha siku mbili nikiiamuru iandike jina la Mzenga, nayo ikaliandika bila kuchoka.

Siku ya tatu nikamwomba mjukuu anipeleke Kibaha, kwa yule mkufunzi, ambaye naye sasa amestaafu. Barua niliitaja mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti. Aliandika kwa kichwa programu yake ya ubaoni, ya kutafuta wastani wa alama za darasa. Mashine ikagoma: kosa, mstari wa 40.

"Kumbe!" akasema. "Na wale wanachuo wote walinakili hivi hivi."

Akaurekebisha mstari, akaomba alama za kuingiza.