Programu ikiua, aliyeiandika yuko wapi?

Leo tuache habari za simu mpya kidogo, tuzungumze historia.

Daktari akihitimu hula kiapo. Mimi nilipopata digrii ya sayansi ya kompyuta hakuna aliyeniapisha. Nilitafuta kazi, nikapewa meza na kompyuta, nikaanza kuandika programu zinazogusa pesa za watu. Je, programu ikimdhuru mtu, aliyeiandika ana wajibu gani? Jibu limekuwa likipanuka kwa miaka kama arobaini, na mara nyingi limepanuka baada ya watu kuumia.

Tuanze na Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na kinga za kimitambo: mambo yakienda mrama, mashine inajizima. Kwenye Therac-25 kinga hizo ziliondolewa, kazi ikaachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita huko Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi. Mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, mhudumu alibonyeza herufi x badala ya e, kisha akairekebisha upesi. Kwa kuwa alimaliza ndani ya sekunde nane, sehemu moja ya programu haikupata habari ya masahihisho hayo. Skrini ikaonyesha hitilafu namba 54, bila maelezo ya maana. Wagonjwa wawili wa hospitali hiyo walifariki baadaye.

Jambo linalonishtua ni hili: kosa kama hilo lilikuwamo hata kwenye Therac-20. Huko fyuzi zilikatika tu, na hakuna aliyeumia.

Mwaka 1993 Nancy Leveson na Clark Turner walichapisha uchunguzi wao. Walionyesha kuwa kosa moja la programu halielezi yote. Programu ya zamani ilitumiwa upya bila kupimwa vya kutosha, na taarifa za hospitali zilichukuliwa kirahisi. Somo la kwanza likawa hilo: programu inaweza kufanya kazi kila siku na bado isiwe salama.

Mwaka 1999 vyama viwili vikubwa vya fani yetu, ACM na IEEE Computer Society, vilipitisha kanuni za maadili za wahandisi wa programu. Zina misingi minane. Wa kwanza ni maslahi ya umma. Mteja na mwajiri wanakuja wa pili. Yaani, bosi akisema hivi na usalama wa watu ukisema vile, mpangilio unajulikana.

Kwenye karatasi ni rahisi. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen, takriban milioni 11 duniani, yalikuwa na programu inayotambua kuwa gari liko kwenye kipimo. Likipimwa, moshi unapungua. Likirudi barabarani, sumu inaongezeka. Hapa hapakuwa na kosa la bahati mbaya. Programu ilifanya ilichoagizwa. Mwaka 2017 mhandisi James Liang alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000. Utii kwa kampuni haukumwokoa.

Halafu ikaja Boeing 737 MAX. Programu yake iitwayo MCAS ilisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kitambuzi kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kitambuzi kikidanganya, programu inaamini. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka Indonesia, watu 189 wakafa. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka, wakafa 157. Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Programu ilifuata maelekezo yake. Maelekezo yenyewe ndiyo yaliyokuwa na hatari.

Usiseme hayo ni ya wenye ndege na hospitali. Hapa Kenya kulikuwa na programu za mikopo zilizochukua orodha ya namba kwenye simu ya mkopaji, kisha ndugu na marafiki wakapigiwa simu za kumwaibisha. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilipiga marufuku mtindo huo. Lakini kabla ya kanuni, kuna mtu aliyeketi akaandika mstari wa kusoma orodha hiyo.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeandika programu, kuuliza "inafanya kazi?" hakutoshi tena. Uliza pia: nilichoagizwa ni halali? Taarifa zikiingia za uongo, nani ataumia, na je, anajua? Maswali hayo yana nguvu kabla programu haijatoka. Baadaye huulizwa na mahakama.

Haya, kazi njema.