Kimeng'enya

Neno hili limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunja kitu vipande vidogo, na mwanafunzi hulikuta kwanza kwenye somo la mmeng'enyo wa chakula. Kwa kimeng'enya kiitwacho EcoRI linafaa kabisa: hukata DNA kila kinapokuta mfuatano wa GAATTC. Lakini ligesi, nayo kimeng'enya, huunga ncha zilizokatwa. Bila ligesi, wanasayansi Stanley Cohen na Herbert Boyer wasingalipandikiza jeni ndani ya bakteria mwaka 1973, wala bakteria wasingalitengeneza insulini ya binadamu mwaka 1978. Kimeng'enya kinachounga! Hata hivyo nalitetea neno letu, limeshazoeleka madarasani. Kamusi tu zipanue maelezo: ni kichocheo, aghalabu protini, kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, yawe ya kuvunja au ya kujenga.