Kabla Ujaze Mizigo Nyuma ya Pikapu Ukienda Turkana, Soma Hii

Mbogi imeshachanga, pikapu ina kanopi na hema juu, na sasa mnataka mitungi, spea ya pili na jiko vikae kwa keria nyuma ya bampa. Kwa picha inakaa fiti. Shida ni kwamba hapo ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuweka kitu kizito.

Chukua Hilux ya double cab. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 3.1. Keria yako iko karibu mita 1.3 nyuma ya ekseli ya mwisho. Ukiiwekea kilo 100, ekseli ya nyuma haibebi 100. Inabeba zaidi ya 140, na hizo 40 za ziada zimeondolewa kwa magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ukipiga breki. Ndio maana ndai iliyojazwa hivyo inainua pua na usukani unakuwa mwepesi vibaya. Kuweka springi ngumu kutainua mkia, lakini uzito utabaki palepale.

Na kilo 100 si mbali. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu mtungi wenyewe. Tairi nzito na rimu ya chuma zinakaribia 30. Halafu keria pia ni chuma, buda.

Lami inakufikisha Marsabit bila stori. Ukikata kushoto Laisamis kuelekea Loiyangalani, changarawe inaanza kutetemesha kila kitu, na chuma kilichochomelewa hupasuka kidogo kidogo pale pale kilipounganishwa. Fundi wa jua kali atakuapia kwamba keria haitoki. Mwambie aifunge kwa bolti kwenye chasisi, pande zote mbili, si kwa bati la bampa. Kila mkisimama, pitisha kidole kwenye maungio. Ukiona rangi imepasuka kama uzi, shusha mzigo hapo hapo.

Petroli nyuma ya bampa nayo ni noma tupu: lori likikugonga, mtungi ndio unagongwa kwanza. Ifunge wima kwenye kibebeo, mbele ya ekseli ya nyuma, mahali penye hewa, na isilale na watu. Gesi vilevile. Maji yakae chini, yakiegemea kebini.

Sasa keria ibebe nini? Viti, meza, koleo, na mfuko wa taka ambao hakuna mtu anataka ndani.

Hakikisha namba ya gari na taa za nyuma hazijafunikwa, la sivyo karao wa kwanza Isiolo atakusalimia vizuri sana. Ukirudi nyuma, mtu ashuke akuongoze, hata kama kuna kamera.

Siku moja kabla ya safari, jaza kila kitu na maji pia, tafuta barabara tulivu, ujaribu breki na kona polepole. Usukani ukielea, anza kutoa vitu nyuma.