Joto la mwezi wa tisa na mtoto mchanga: yaliyoipata Katanga tangu reli

Vitabu vya shule vinasema miezi ya joto ni Juni, Julai na Agosti. Vitabu hivyo viliandikwa Ulaya. Hapa Kamina, mji ulio kwenye urefu wa karibu mita 1,100 juu ya bahari, usiku wa Julai mama anamvalisha mtoto kofia ya sufu. Joto lenyewe linakuja mwezi wa tisa na wa kumi, wakati pori limekwisha kuungua, vumbi limetawala njia na mvua bado haijashika. Saa nane za mchana nyumba ya mabati haikaliki, na hema la bashi ni baya zaidi. Mtoto wa miezi miwili analia, na nkambo anasema: mpe maji kidogo, ana kiu.

Neno hilo linatoka kwenye upendo. Lakini ukiangalia yaliyopita, watoto wachanga wengi waliokufa wakati wa joto hawakuuawa na jua. Waliuawa na kile walichonyweshwa.

Zamani, kabla ya reli, mama wa Kiluba alinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na desturi iliwataka mume na mke wangoje kabla ya mimba nyingine. Nyumba ya udongo yenye paa la majani ilibaki na ubaridi mchana kutwa. Mtoto alishinda mgongoni mwa mama yake, na mama alijua kivuli kiko wapi saa ngapi. Si kwamba watoto hawakufa. Malaria, surua na ndui viliwachukua wengi. Ila chakula chao cha kwanza hakikupita ndani ya chombo chochote, kwa hiyo joto halikupata pa kukiharibia.

Ulaya ya wakati ule ilikuwa na shida nyingine kabisa. Mama wa mjini alikwenda kiwandani, mtoto akabaki na maziwa ya ng'ombe ndani ya biberoni, na biberoni nyingine zilikuwa na mpira mrefu usioweza kusafishwa ndani. Joto likija, maziwa yanachacha na mtoto anahara. Mwaka wa 1911 joto lilikuwa kali sana, na maelfu ya watoto wachanga walikufa kwa kuhara katika Ufaransa, Uingereza na Ujerumani. Waliokuwa wakinyonya kwa mama walisalimika zaidi. Daktari mmoja Mfaransa, Léon Dufour, alikuwa amefungua mwaka wa 1894 katika mji wa Fécamp nyumba aliyoiita Goutte de Lait, maana yake tone la maziwa. Hapo mama alipewa maziwa yaliyochemshwa na mtoto alipimwa uzito. Kwa ugonjwa ule, ilikuwa dawa nzuri.

Dawa hiyo ikavuka bahari na Wabelgiji mpaka Katanga. Mwaka wa 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu wa migodini, na vijana wengi wa Lomami walichukuliwa nayo. Reli ilifika Bukama mwaka wa 1918, ikapita Kamina na kumaliza Ilebo mwaka wa 1928. Ni miaka hiyo hiyo Union Minière iliamua kwamba mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, badala ya kuja peke yake na kurudi kijijini. Huduma za watoto zikafunguliwa: kupima uzito, dawa, chakula cha walioachishwa ziwa. Mkubwa aliyejulikana zaidi katika siasa hiyo ni daktari Léopold Mottoulle.

Haki isemwe: vifo vya watoto katika kambi vilipungua sana. Lakini kampuni ilikuwa ikihesabu pia wafanyakazi wa kesho. Kunyonyesha miaka mitatu kulionekana kizuizi, kwa sababu kulichelewesha mimba inayofuata, na akina mama wakasukumwa kuachisha mapema. Ulaya, tone la maziwa lilifunguliwa kwa ajili ya mtoto aliyekosa ziwa. Huku likaletwa kwa mtoto aliyekuwa nalo. Polepole biberoni na maziwa ya unga vikawa alama ya mama wa mjini, mke wa mtu wa reli au wa migodi, na alama hiyo haijafutika mpaka leo.

Reli hiyo hiyo ilikuja kubeba watu wengine. Kuanzia Agosti 1992, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, na mwaka wa 1993 zikafukuzwa Kolwezi. Mwezi wa tisa na wa kumi, yaani wakati wa joto lenyewe, maelfu walikuwa wamelala kwenye gare na ndani ya shule wakingoja treni. Wengine walingoja wiki, wengine miezi. Kisha safari ya siku nyingi kupita Kamina kuelekea Mwene-Ditu na Kananga, watu wamebanana ndani ya mabehewa ya chuma. Watoto wengi walikufa, kwa surua, kwa kuhara, kwa kukosa maji. Hata mama anayenyonyesha alishindwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na maji ya kunywa. Jambo hilo halisemwi sana, na ndilo kiini: ziwa linamlinda mtoto na joto, lakini mama naye lazima apewe kikombe.

Wakati huo dawa rahisi ya kuhara ilikuwa imekwisha kujulikana miaka zaidi ya 20, na ilijulikana kwa sababu ya wakimbizi. Mwaka wa 1971, watu waliokimbia vita vya Bangladesh walijaa Bangaon, upande wa India, na kolera ikaingia. Sindano za maji zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilishuka kutoka karibu watu 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Ndiyo asili ya pakiti ya ORS inayotolewa leo kwenye kituo cha afya. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari.

Hiyo ni kwa mtoto anayehara. Mtoto mzima wa chini ya miezi 6 hapewi maji, hata mwezi wa tisa. Shirika la Afya Duniani linashikilia hivyo tangu 2001: maziwa ya mama karibu yote ni maji, na siku ya joto mtoto ananyonya mara nyingi zaidi tu. Kwa familia zilizo chini ya bashi, mchana ni heri mkeka chini ya mwembe kuliko ndani, nguo moja nyepesi, kitambaa kibichi cha kumpangusa, na bidoni la kwanza kutoka pompi liwe la mama anayenyonyesha.

Mtoto akilegea, akikataa ziwa, utosi ukizama au nepi ikikaa kavu nusu siku, apelekwe kituoni saa hiyo hiyo, jua likiwa kali vilevile.