Hio Kitambi Si Pesa: Kamba Moja Itakuambia Mishipa Yako Iko Hatarini Ama La

Hapa Kibugu ukianza kuota kitambi watu wa soko hawashtuki. Wanasema kahawa imelipa. Sasa msee, hio kitambi unaringia inaweza kuwa inaharibia mishipa yako ya damu pole pole, na kujua hakuhitaji doo. Tafuta tu kamba, hata ile ya kufunga gunia.

Simama wima, mtu akupime na hio kamba kutoka kisigino mpaka utosi, akate hapo. Ikunje mara mbili. Toa shati, tafuta katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, halafu izungushe hapo. Usivute tumbo ndani, hakuna mtu anakuangalia. Ncha zikikutana bila kulazimisha, uko poa. Zikikataa, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na hapo ndo hatari ya presha, kisukari na ugonjwa wa moyo huanza kupanda.

Na usiniletee stori ya saizi ya jinzi. Jinzi ya mtumba hukaa chini ya tumbo. Unaweza vaa 34 miaka tano huku tumbo imemwagika juu ya mshipi.

Kama fundi wa nguo atakusaidia na tepu yake, namba za WHO ni hizi: mwanaume akipita sentimita 94 hatari imepanda, akipita 102 imepanda sana. Kwa madem ni 80 na 88.

Mbona tumbo, si kilo? Juu mizani haijui mafuta iko wapi. BMI yenyewe ilitoka kwa hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet miaka ya 1830, na huyo hakuwa daktari. Jamaa wa kubeba magunia hapa soko, musuli tupu, inaweza mwita mnene. Mafuta ya mapaja haina noma sana. Yenye iko ndani ya tumbo, imezunguka ini na matumbo, ndo huvuruga sukari na kolesteroli, inapandisha presha, na ukuta wa mshipa unaanza kujaa uchafu. Utafiti wa INTERHEART, watu karibu 27,000 kutoka nchi 52, ulionyesha 2005 kwamba kugawanya kiuno kwa nyonga kunaonyesha hatari ya shtuko la moyo vizuri kuliko BMI.

Lakini wembamba pia msijidanganye, kamba haisomi presha. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ako na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi pimwa.

Na kama mzae wako analalamika miguu inamkaza akipanda mlima kutoka shamba, halafu inatulia akisimama, usiseme ni uzee. Mpeleke apimwe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya mguu ukigawanya kwa ya mkono upate chini ya 0.9, mishipa ya mguu imeanza kuziba.